Jino limepandwa Dar, usaha unatokea Newala

Mjomba wangu alishuka kwenye kosta ya Newala mwezi wa saba, bahasha kubwa ya kaki kwapani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, hata maji hajanywa, akaimwaga bahasha mezani. Zikatoka bahasha nyingine ndogondogo, zile za dukani, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu: 2x3, 1x3, 2x3, 1x3. Amoksilini na Flagyl, Flagyl na amoksilini. Alizinunua kwa nyakati nne, kwenye maduka matatu, ndani ya miezi minane.

"Mpwa," akasema, "nikimeza linanyamaza. Wiki mbili, tatu. Halafu linarudi palepale."

Akavuta shavu kwa kidole gumba, akaminya ufizi kwa kidole cha shahada. Pembeni ya gego jeupe, jeupe kuliko mengine yote mdomoni mwake, likachomoza tone la njano iliyopauka, dogo kama punje ya ulezi. Nikakunja uso. Yeye wala. "Haliumi," akasema, na hilo la kutouma ndilo lililomchelewesha.

Gego hilo si la kuzaliwa nalo. Miaka miwili kabla ya hapo, korosho zilipopata bei nzuri mnadani, mjomba alipanda basi hadi Dar es Salaam akachimbiwa skrubu mbili za metali iitwayo titani kwenye taya la chini upande wa kulia, palipokuwa na magego yaliyolegea yakang'olewa. Juu ya kila skrubu akavikwa jino. Alirudi Newala anacheka mdomo wazi, na haki yake. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kumwambia nenda hospitali kisha ukaendelea na shughuli zako. Tatizo lake ni lako. Ndiyo maana tangu mwezi ule nimegeuka mwanafunzi wa fizi. Mimi si daktari wa meno. Lakini nilichokiona na nilichokisoma kimenifikisha kwenye jambo ambalo sisikii likisemwa huku Kusini: kipandikizi cha jino, yaani hiyo skrubu pamoja na jino lake, kinahitaji mtunzaji wa karibu kuliko kinavyohitaji mpandaji hodari, na kwa sasa tunalipia mpandaji peke yake.

Tuanze na kinachotokea mle ndani, maana bila kukielewa hizi bahasha za kaki hazitakwisha.

Jino la kuzaliwa halijakaa kwenye taya kama msumari ukutani. Limeshikwa na nyuzi nyingi ndogo zinazotoka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa, na zile za juu zinaingia kwenye ufizi, zikiukaza ufizi ukabana shingo ya jino. Nyuzi hizo zina damu yake na hisia zake. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Mfupa umeshikana na titani moja kwa moja, na nyuzi za ufizi zinaizunguka skrubu zikiwa zimelala kando yake, hazijachomekwa ndani. Kwa hiyo mlango wa juu ni dhaifu zaidi na walinzi ni wachache. Wadudu wakipita ufizini, safari yao ya kufika mfupani ni fupi.

Na wadudu wapo. Ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla ya mswaki ni mji mzima wa bakteria walioshikana kwa ute wao wenyewe. Ukiachwa unakaza, unakuwa ugaga. Kwenye skrubu ya titani utando unashika kama unavyoshika kwenye jino, tena sehemu ile ya skrubu yenye ngazi na mikwaruzo ni mahali pazuri pa kujificha.

Ugonjwa una hatua mbili, na tofauti ya hatua hizo ndiyo tofauti ya kupona na kupoteza. Hatua ya kwanza ufizi peke yake unavimba, unakuwa mwekundu, unatoa damu ukiguswa. Mfupa bado mzima. Hapa unarudi nyuma ukisafishwa vizuri, ingawa hauna haraka: jaribio moja la Bern, Uswisi, lililochapishwa mwaka 2012, liliwaacha watu wiki 3 bila kusafisha sehemu fulani za mdomo, kisha wakarudia mswaki, wiki 3 za usafi hazikutosha kuurudisha ufizi wa kwenye vipandikizi katika hali yake ya awali kabisa. Hatua ya pili mfupa unaanza kuliwa, kuzunguka skrubu pande zote, ukibaki shimo lenye umbo la bakuli. Mfupa uliokwenda haurudi kwa kumeza kitu. Na jambo la hatari: skrubu haichezi. Sehemu ya chini bado imebanwa na mfupa, kwa hiyo mwenye nalo anatafuna ming'oko na nyama ya kukausha akijiona yuko salama, mpaka siku skrubu inapolegea, na siku hiyo hakuna tena cha kuokoa.

Mjomba alikuwa hatua ya pili akidhani ana jipu.

Sasa hizo dawa. Alipokuja ilikuwa msimu wa kupulizia salfa umeshika kasi, nikamuuliza swali la shambani, maana huko ananizidi. Mkorosho ukipata ubwiriunga, ukapuliza salfa mara moja wakati chini ya miti pori limefika kiunoni na matawi hujapogoa, unavuna nini? Akacheka. "Unavuna hasira." Hata wataalamu wa kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele wangemwambia vilevile: dawa inafuata usafi wa shamba, na inafuata ratiba.

Vidonge vya antibayotiki vinasafiri kwenye damu. Utando wa bakteria umekaa juu ya titani, nje ya damu, umejifunika ute. Dawa ikifika inawaua walioko pembezoni na waliovamia nyama ya ufizi, uvimbe unashuka, usaha unakauka, mgonjwa anasema nimepona. Waliojifunika wanabaki. Baada ya wiki mbili tatu wamezaliana, tone la njano limerudi, na sasa baadhi yao wameshaizoea dawa. Serikali ina jina la jambo hilo, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mabango yake yamebandikwa hospitalini. Duniani mwaka 1 tu wa 2019 ulikadiriwa kuwa na vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Bahasha nne za mjomba ni mchango wake mdogo kwenye hesabu hiyo, bila faida yoyote kwa gego lake.

Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi, uliotolewa mwaka 2023, unasema wazi kwamba matibabu ya awali yasiyo ya upasuaji yasiambatanishwe na antibayotiki za kumeza kama mazoea. Hata kwenye upasuaji mambo si mepesi. Huko Sweden wagonjwa 100 walifanyiwa upasuaji wa kusafisha vipandikizi, wengine wakapewa antibayotiki na wengine hawakupewa. Mwaka 1 baadaye dawa zilionekana kuwasaidia wale wenye skrubu za uso uliokwaruzwa. Miaka 3 baadaye msaada huo ulikuwa umeyeyuka.

Nisieleweke vibaya. Uso ukivimba, homa ikapanda, mdomo ukashindwa kufunguka au kumeza kukawa shida, hapo si wakati wa kusoma makala. Ni hospitali usiku huohuo, na antibayotiki ni sehemu ya kuokoa maisha. Wala siwalaumu wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianzia jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, na umeokoa watu wengi ambao wangekunywa chochote. Mwenye duka Newala anamwona mtu ana usaha, hana kiti cha meno, hana eksirei, na mteja anataka kitu cha kuondoka nacho. Chumvi pia mjomba alijaribu, maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Inatuliza. Haibandui utando, kama ambavyo kulimwagia maji sufuria lililounguza ugali hakuondoi ukoko.

Nikampeleka kwa daktari wa meno hapa Mtwara mjini. Hospitali siitaji kwa sababu haina kosa. Daktari alikuwa kijana, mpole, mikono yake haina haraka. Alichukua kijiti chembamba chenye mistari ya milimita, akakiteremsha kati ya ufizi na jino, taratibu mno. Aliniambia nguvu inayotakiwa ni kama uzito wa gramu 25, ukizidisha unaumiza na unasoma uongo. Gego la mbele: milimita 4, damu kidogo. Gego la nyuma: 7, na kijiti kilipotoka kilikuwa na usaha mpaka mstari wa saba. Eksirei ikaonyesha lile bakuli, jeusi, limeshuka nusu ya skrubu na zaidi.

"Wakati wanakuvika meno, walipima hivi? Walikupiga picha?" daktari akauliza.

Mjomba akamtazama kana kwamba ameulizwa rangi ya basi alilopanda. Hakuna karatasi aliyopewa isipokuwa risiti.

Hili si la kudharau. Wataalamu walipokutana Chicago mwaka 2017 kupanga upya namna ya kuyataja magonjwa haya, walisema kitambulisho cha hatua ya pili ni damu au usaha ukipima, kina kilichoongezeka na mfupa uliopungua ukilinganisha na mwanzo. Ukilinganisha na mwanzo! Kama mwanzo haukuandikwa, daktari analazimika kutumia makadirio: kina cha milimita 6 na kuendelea, mfupa umeshuka milimita 3 au zaidi. Maana yake mgonjwa asiye na kumbukumbu anagundulika akiwa ameshapoteza mfupa mwingi. Yule mwenye picha ya siku ya kwanza angegunduliwa akiwa amepoteza kidogo.

Halafu tukafika penye aibu. Ili kusafisha skrubu sawasawa inabidi jino la juu litolewe. Kuna mameno yanayofungwa kwa skrubu ndogo kutokea juu: unafungua, unasafisha, unarudisha. Kuna yanayogundishwa kwa saruji ya meno. Daktari alihitaji kujua la mjomba ni la aina gani, limetengenezwa na kampuni ipi, ili atafute bisibisi inayolingana, maana kila kampuni ina mdomo wake wa ufunguo. Hatukujua. Tukapiga simu Dar. Aliyepandikiza alishahamia pengine, faili "linatafutwa", na mgonjwa "aje tu".

Nje, mjomba akasimama kando ya bodaboda, akaigonga tangi. "Hii pikipiki ikiharibika Kitangari, fundi wa pale ana spana namba nane, namba kumi, namba kumi na mbili. Jino langu la mamilioni, mkoa mzima hauna spana?"

Sijapata kusikia uchambuzi wa sera ya afya uliofupishwa namna ile.

Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Basi la alfajiri, siku nzima barabarani. Nayo ni barabara tunayoijua: mwezi wa tano mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata upande wa Somanga, na Lindi na Mtwara tukawa kisiwa. Mwenye miadi ya kusafishwa kipandikizi wiki ile alikwenda wapi?

Tulikwenda. Kiliniki nyingine, si ile ya kwanza. Mameno yote mawili yalikuwa yamegundishwa, ikabidi yakatwe. Chini ya ufizi, kwenye lile gego la nyuma, daktari akakwangua kipande cha saruji iliyokauka, cheupe, ukubwa wa kucha ya mtoto mchanga. Ilimwagika siku ya kugundisha, ikabaki, ikawa mwamba ambao utando uliujengea kijiji. Kosa hili linajulikana duniani kote kwenye fani hiyo, limeandikwa vitabuni, na ndiyo sababu ningekuwa mimi ningechagua jino la kufungwa kwa skrubu hata kama kitobo kidogo kinaonekana juu.

Kusafisha kwenyewe hakuna ajabu ya kutangaza redioni. Skrubu za titani hazikwanguliwi kwa vyuma vya kawaida vya kuondolea ugaga, zinachubuka. Hutumika vya titani, vya plastiki ngumu, au mashine inayopuliza hewa na unga laini. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini inaweza kusaidia kwa muda. Mgonjwa anafundishwa upya kusafisha: mswaki laini, na kile kiswaki chembamba cha kupenyeza kati ya jino na jino, kila siku. Baada ya hapo anasubiri. Mwongozo wa Ulaya unataka apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12. Kina kikiwa kimebaki milimita 5 au pungufu, usaha hakuna, damu imekoma au imebaki sehemu moja tu, wanasema tumefika. Kikibaki 6 na zaidi na damu, ndipo ufizi unafunguliwa kwa upasuaji, skrubu inasafishwa ikionekana kwa macho, na pengine bakuli linajazwa unga wa mfupa kama umbo lake linaruhusu. Mfupa ukiwa umekwisha, skrubu inatolewa.

Gego la mbele la mjomba lilitulia kwa kusafishwa tu. La nyuma halikutulia. Wiki ya nane lilikuwa bado na usaha, skrubu imeshikwa kwenye ncha, na daktari akamwambia ukweli kwamba kulipasua ni kumlipisha bure. Likang'olewa. Nilikuwepo. Skrubu ndogo ya kijivu, urefu wa kama nusu ya kidole cha mwisho, ngazi zake za juu zimejaa ugaga mweusi, ngazi mbili za chini safi zinang'aa. Mjomba aliiomba. Anayo.

Sasa kuna watakaosema mjomba hana usafi, basi. Ni kweli alikuwa anaogopa kupiga mswaki pale panapotoka damu, kosa la karibu kila mtu: panapotoka damu ndipo panapodai mswaki zaidi. Ni kweli pia kwamba anavuta sigara, na sigara iko kwenye orodha ya vichochezi pamoja na kisukari kisichodhibitiwa. Zaidi ya vyote, meno yake ya awali yalilegea kwa ugonjwa wa fizi. Wadudu waliomng'oa magego ya kwanza walikuwa bado mdomoni siku alipopandwa ya pili. Hakuna aliyemkwangua ugaga kabla. Ni kupanda mche mpya kwenye shimo la mti uliokufa bila kuuliza mti ulikufa kwa nini.

Lakini uzembe wa mtu mmoja hauelezi takwimu. Kipandikizi cha titani kimezaliwa Sweden. Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950, alikuwa anachunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa umekishika. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson, na skrubu zile zilimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006. Kisa hicho ndicho kinachotajwa ukiambiwa kipandikizi ni cha maisha. Kisichotajwa ni kwamba mwaka 2016 watafiti wa hukohuko Sweden walichapisha matokeo ya kuwachunguza takribani watu 600 miaka 9 baada ya kupandikizwa, wakakuta asilimia 45 wana dalili za ugonjwa unaokula mfupa. Waliokuwa na upotevu mkubwa, zaidi ya milimita 2, walikuwa asilimia 14.5. Hao ni watu wenye hospitali za meno karibu na nyumbani.

Kwangu mimi takwimu nzito zaidi zinatoka Brazili. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka 5 watu waliokuwa tayari na uvimbe wa ufizi kwenye vipandikizi, ile hatua ya kwanza. Waliokuwa wanarudi kusafishwa na kupimwa, asilimia 18 waliingia hatua ya pili. Wasiorudi, asilimia 43.9. Wote walianzia hatua ileile ya kwanza. Kilichowatofautisha ni kiti cha meno cha kurudia. Ukilisoma hilo ukiwa Nachingwea, Liwale au Tandahimba, unajiuliza: mimi niko kundi gani? Jibu unalijua kabla hujamaliza kuuliza.

Nimeshaambiwa na rafiki mmoja, mwalimu wa Lindi, kwamba hili ni tatizo la watu wenye hela. Wilaya zetu watoto hawana mswaki, watu wazima wanafika hospitali jino limeshaoza linang'olewa, wewe unalilia skrubu za titani. Hoja yake ina uzito na sitaikwepa. Kama ningeambiwa nichague kati ya kumpa kila mwanafunzi mswaki na kumnunulia daktari bisibisi za vipandikizi, ningechagua mswaki bila kuomba muda wa kufikiri. Ila hatuambiwi kuchagua. Kazi inayolinda kipandikizi ni ileile inayolinda jino la kuzaliwa: kupima ufizi, kukwangua ugaga, kumfundisha mtu kupenyeza kiswaki, kumrudisha baada ya miezi kadhaa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Tabibu wa meno wa wilaya akipewa nafasi ya kufanya hayo badala ya kushinda anang'oa kuanzia asubuhi hadi jioni, anayefaidika kwanza ni bibi wa kisukari wa Mnazi Mmoja ya Lindi ambaye hajawahi kusikia neno titani. Mjomba anafaidika kwa kudandia.

Kwa hiyo ningependa jambo hili lianzie kwa anayepandikiza. Anayemchimbia mtu wa Kusini skrubu mfupani, akijua kwamba kesho anapanda basi, ana wajibu wa kumpa kadi: kampuni, aina, kipenyo na urefu wa skrubu, jino limefungwa au limegundishwa, vina vilivyopimwa, na picha ya siku ya kwanza kwenye simu ya mgonjwa. Karatasi moja. Na barua ya kumkabidhi kwa daktari wa kwao. Baraza la Madaktari lina uwezo wa kulifanya hilo liwe sharti, na halihitaji bajeti. Upande wa pili, hospitali zetu za rufaa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, pamoja na ile ya Kanda ya Kusini, zinaweza kukaa na seti ya bisibisi za aina zinazotumika zaidi nchini na vifaa vichache vya kusafishia titani. Si lazima wapandikize. Wafungue, wasafishe, wafunge.

Na mgonjwa? Kabla hujalipa, usiulize tu bei na itachukua siku ngapi. Uliza nani atakupima baada ya miezi mitatu, na kituo gani ukiwa kwenu. Wakikwambia "utakuja tu Dar", piga hesabu ya nauli na kulala mara mbili hadi nne kwa mwaka, kwa maisha yako yote, ujumlishe kwenye bei. Inawezekana ukagundua kuwa meno ya kuvaa na kuvua, yale ya kulala kwenye glasi ya maji, yanakufaa zaidi. Hayana fahari, lakini yakikukwaza unayatoa mwenyewe.

Mjomba sasa anatafunia kushoto. Gego la mbele limebaki, mara ya mwisho lilipimwa milimita 4 bila damu, hapahapa Mtwara, na yule kijana mpole. Safari hii lina jino la kufungwa, na kadi yake inakaa kwenye ile bahasha kubwa ya kaki pamoja na stakabadhi za korosho. Sigara amepunguza, anasema ameacha, mke wake anasema amepunguza.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kuna mwenzake wa Kitangari ameuza vizuri msimu huu, anataka kwenda Dar kupandwa meno matatu, amekuja kwa mjomba kama mzoefu kumuuliza ushauri.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia aende," akasema. "Ila asifungue mdomo mpaka wamtajie spana namba ngapi."